Utamu Unaostahimili Joto: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Manukato ya Dar

Toleo lililopita ukurasa huu ulizungumzia manukato matamu, yaani yale yanayonukia vitu vya kuliwa: vanila, kahawa, karameli, nazi, karanga. Tulisema yanavalika Dar es Salaam, na mwanamume kwa mwanamke, mradi yawe na uchungu, chumvi na moshi wa kuushika utamu usipitilize. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, kwa hiyo yanayofanana tumeyajibu pamoja.

Shikamooni wahariri. Nililetewa zawadi ya pafyumu ya vanila na karameli kutoka Ulaya. Ndugu yangu anayeishi huko anaisifu sana, lakini mimi nikiivaa mchana hapa Dar inanichefua, na ofisini wameanza kulalamika. Je, nimeletewa feki? (Msomaji wa Tabata)

Marahaba. Inawezekana kabisa ni halisi, na kinachoigeuza ni hewa yetu. Harufu hurushwa na joto la ngozi na la hewa. Kwenye baridi ya nyuzi 5 au 10, mtu akiwa ndani ya koti, vanilini na ethili maltoli, molekuli za harufu ya vanila na ya sukari, hutoka kidogo kidogo, na bergamoti (tunda la jamii ya machungwa) au limau iliyowekwa juu yake hukaa muda wa kutosha kuuchangamsha ule utamu. Sasa ilete Dar ya Februari, mchana nyuzi 32, unyevu umejaa hewani na shingo ina jasho. Limau inaruka ndani ya dakika chache, na sukari inabaki peke yake ikitoka kwa wingi. Chupa ni ileile, lakini wewe hapa unavaa nusu ya pili tu ya manukato, tena kwa sauti ya juu.

Ethili maltoli ndiyo hasa ya kuangalia. Inanukia ile pamba ya sukari wanayonunuliwa watoto kwenye maonesho ya Sabasaba. Ndiyo iliyoyapa sura manukato ya Angel ya kampuni ya Mugler, yaliyotoka Ufaransa mwaka 1992 na kufungua njia ya manukato ya aina hii. Ila mtengenezaji wake, Olivier Cresp, hakuiacha sukari ile itembee peke yake. Aliishindilia pachuli nyingi kwa chini, harufu nzito ya udongo na mti mkavu. Nyingi zilizofuata zilichukua sukari zikaacha udongo, na hizo ndizo zinazochefua kwenye joto.

Usiitupe yako. Puliza mara moja tu, tumboni chini ya nguo badala ya shingoni, na uivae jua likishazama. Ukitaka kuivaa mchana, fukiza kwanza nguo yako udi au ubani kwenye chetezo, iache ipoe dakika 10, kisha ndipo ujipulizie. Moshi ule unafanya kazi ambayo pachuli ingefanya.

Mume wangu anasema manukato matamu ni ya kike. Kuna kipimo chochote cha kusema hii ni ya jinsia zote? (Mama wa Ukonga)

Kipimo cha kisayansi hakuna, mama. Hayo ni mazoea ya madukani. Pafyumu ya Jicky ya kampuni ya Guerlain, ya mwaka 1889, ilikuwa na vanilini na kumarini, vitu vitamu kabisa, na imevaliwa na wanaume na wanawake tangu zamani. Na hapa Pwani wanaume wamejipaka mafuta ya udi na mawaridi vizazi na vizazi bila mtu kuuliza. Kiutendaji, fundi anayetaka manukato yavaliwe na wote hupunguza matunda matamu na maua mazito, huongeza mti, viungo vikavu na uchungu kidogo. Mpe mumeo anuse yenye kahawa na vetiva (mzizi wenye harufu kavu ya udongo) bila kumwonyesha chupa.

Naanza kazi ya kuchanganya manukato. Nataka kutengeneza moja ya jinsia zote yenye harufu ya Dar: kahawa ya kijiweni, kashata na upepo wa baharini. Nina mizani na alkoholi. Naomba vipimo kamili. (Fundi anayeanza, Mbagala)

Umechagua vizuri mno. Jiji hili lina harufu nyingi, kuanzia samaki wa Feri, mihogo inayochomwa Coco Beach, hadi lami iliyopigwa na mvua ya kwanza ya vuli, na anayetaka kuziweka zote kwenye chupa moja hupata fujo. Ya kwako ina mvutano tayari ndani yake: kahawa chungu isiyo na sukari, na kitu kitamu cha kutafuna pembeni. Mvutano huo ulinde mpaka mwisho.

Kabla ya kupima chochote, kaa kijiweni unuse vizuri. Kahawa inayomiminwa kutoka kwenye birika lililokaa juu ya mkaa haifanani na kahawa ya maziwa ya hotelini. Ina moshi, ina ukali kama wa bati lililopata moto, na pengine tangawizi. Kashata nayo si sukari tupu. Ni karanga, au nazi iliyokaangwa ikaanza kushika rangi, na iliki imepita kwa mbali. Anayeandika "kahawa na kashata" halafu akaweka karameli na maziwa amekosea tangu mwanzo.

Tutatengeneza gramu 10 za kiini, kisha gramu 40 za alkoholi ya 96%. Jumla ni gramu 50, kama mililita 60, na nguvu yake ni 20%. Pima kwa uzito, usihesabu matone, maana tone la pachuli na tone la bergamoti hayalingani. Mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 inatosha.

Harufu ya mwanzo: bergamoti iliyoondolewa furokumarini (kemikali zinazounguza ngozi zikikutana na jua) gramu 0.90, iliki 0.25, pilipili manga 0.15, tangawizi 0.10. Ya katikati: Hedione 1.80, benzili salisilati 0.80, kiini cha kahawa kilichozimuliwa hadi 10% gramu 0.40, mlangilangi 0.15, Calone iliyozimuliwa hadi 1% gramu 0.15, gama-nonalaktoni (harufu ya nazi) 0.12, asetilipirazini iliyozimuliwa hadi 1% gramu 0.10, mafuta ya karafuu 0.08. Ya msingi: Iso E Super (harufu laini ya mti) 1.50, ethileni brasilati (miski) 0.90, mwerezi 0.50, pachuli 0.45, vetiva 0.35, vanilini 0.35, ethili maltoli iliyozimuliwa hadi 10% gramu 0.30, ubani 0.25, kumarini 0.20, Ambroxan (harufu ya ambari) 0.20.

Angalia utamu ulivyo mdogo. Vanilini, kumarini na ethili maltoli kwa pamoja hazifiki 6% ya kiini. Siku ya kwanza utaona ni kidogo na mkono utakuwasha kuongeza. Usiongeze. Vitu hivi vinachelewa kufunguka, na joto la nje litaongeza chake.

Upepo wa bahari unatokana na Calone na benzili salisilati. Calone ina nguvu ya ajabu, ndiyo maana tunaizimua, na ikizidi bahari inageuka tikitimaji. Asetilipirazini inaleta karanga na bisi zinazotoka kikaangoni. Hii nayo ukiiongeza mara mbili tu itazika kila kitu. Hedione ni asumini nyepesi mno. Hutaisikia kama ua, lakini ukiitoa mchanganyiko wote unakuwa kama chumba kilichofungwa madirisha.

Kazi yenyewe ifanye kwa mpangilio huu. Vanilini, kumarini na Ambroxan ni unga na chenga, haziyeyuki haraka. Ziweke kwanza kwenye chupa ya kioo pamoja na Hedione, benzili salisilati na Iso E Super, ikalishe chupa kwenye bakuli la maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45, uzungushe mpaka uone uwazi kamili bila chenga. Hapo alkoholi haijaingia bado. Iache ipoe, ongeza vilivyobaki vya msingi, kisha vya katikati, na mwisho kabisa vya mwanzo kwa sababu ndivyo vinavyoruka. Vilivyozimuliwa kwa alkoholi navyo visubiri mpaka ipoe. Funga, weka kabatini wiki 1. Ndipo umimine alkoholi, utikise polepole, urudishe gizani wiki 4. Mwisho weka kwenye friji saa 24, uchuje ikiwa bado baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa.

Na hili usilichukulie kirahisi. Alkoholi ya 96% inatoa mvuke unaowaka hata bila kupashwa moto katika hali ya hewa ya Dar. Jiko, mshumaa na sigara visiwe chumba kimoja na kazi hii.

Nilichanganya mafuta mazuri kabisa na alkoholi, ikawa nyeupe kama tui. Nimetikisa wiki nzima haijasafika. (Msomaji wa Kigamboni)

Bila shaka alkoholi yako ina maji mengi. Sanitaiza na spiriti ya kidonda nyingi ni za 70% au karibu na hapo, na kwa kiwango hicho mafuta mengi ya manukato hayayeyuki yakaisha. Kutikisa hakutasaidia. Ukiongeza alkoholi kali itasafika, lakini utalazimika kuongeza nyingi kiasi cha kuipoteza harufu, kwa hiyo bora uanze upya kwa 96%. Sanitaiza zina tatizo la pili: gliserini au jeli, inayobaki ikinata kwenye ngozi na kuziba bomba la kupulizia.

Usijaribu kuokoa gharama kwa spiriti ya viwandani usiyojua imetengenezwa na nini. Ikiwa ni methanoli, inapita kwenye ngozi na kwa kuvutwa puani, na methanoli hupofusha na kuua. Nunua ethanoli ambayo muuzaji anaweza kukuonyesha karatasi zake.

Nazi yangu inanukia mafuta ya nywele. (Dada wa Sinza)

Dada, umezidisha gama-nonalaktoni. Pua ya mtu wa Dar imeizoea kwenye mafuta ya kupaka tangu utotoni, kwa hiyo ikitokeza tu inampeleka saluni. Iweke kati ya 0.5% na 1.5% ya kiini, si zaidi. Halafu amua ni nazi ya aina gani. Nazi iliyokaangwa inataka asetilipirazini kidogo sana na kumarini. Dafu ni kitu kingine kabisa, jepesi, la majani mabichi. Hilo linataka nonalaktoni ndogo zaidi, ndimu, na chembe ya cis-3-heksenoli, inayonukia nyasi zilizokatwa. Tui lina mafuta mengi na ndilo gumu kuliko yote kwenye joto. Tungekushauri uliache.

Mimi ni mpishi wa keki. Je, naweza kutumia arki ya vanila, na kahawa, iliki, embe na nazi halisi badala ya hizi kemikali? (Msomaji wa Kinondoni)

Arki ya keki hapana. Nyingi zina maji, propileni glaikoli, rangi, pengine na sukari. Zimetengenezwa ziyeyuke kwenye unga na maziwa, na kwenye ngozi zinanata na harufu haikai.

Vitu vikavu vinakubali kulowekwa kwenye alkoholi ya 96%. Kahawa iliyokaangwa nyeusi na kusagwa, gramu 20 kwa mililita 100, siku 7 hadi 10. Ukiiacha muda mrefu zaidi inatoa ukakasi na rangi ya tope. Iliki, gramu 10 kwa mililita 100, iponde ukiwa tayari kuimwagia maana mafuta yake yanaruka upesi, wiki 2. Vanila ya Kagera, gramu 10 kwa mililita 100, ipasue katikati na kuikata vipande, miezi 2 hadi 3, na ikae mbali na mwanga. Chuja mara mbili. Nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo usiiweke kama kiini. Itumie kuchukua nafasi ya sehemu ya alkoholi: katika ile gramu 40 ya fundi wa Mbagala, gramu 8 zikiwa za kahawa uliyoloweka, manukato yanapata kina ambacho kemikali peke yake haitoi.

Embe mbichi au bivu haifai. Ina maji na sukari, itavuruga alkoholi yako, na harufu yake haikubali kutoka namna hiyo. Nazi iliyokunwa inatoa mafuta ambayo baada ya muda yanachacha. Hizo mbili hujengwa kwa molekuli.

Manukato yangu ya vanila yalikuwa meupe, sasa yamekuwa kahawia, na yameacha doa kwenye kanzu. Yameharibika? (Msomaji wa Magomeni)

Hayajaharibika. Vanilini hubadilika rangi ikikutana na hewa na mwanga, na ikichanganywa na methili anthranilati, inayopatikana kwenye harufu za maua ya machungwa na asumini, huungana nayo na kuleta rangi ya machungwa hadi kahawia. Tumia chupa ya rangi ya giza, ijaze hadi karibu na shingo ili hewa iwe ndogo, na usiiweke kwenye dashibodi ya gari wala bafuni. Kabati la nguo ni pazuri. Kama harufu ya mwanzo imekuwa kali ya siki au ya mafuta yaliyochacha, hilo ni jambo jingine, na hiyo usijipake.

Kwa kanzu na nguo yoyote nyeupe, puliza kwenye ngozi, subiri dakika 5 ikauke, kisha vaa.

Napuliza saa 12 asubuhi Mbezi, nikishuka Posta sisikii kitu. Nipulize mara ngapi? (Abiria wa mwendokasi)

Kwanza muulize mtu mwingine kama anaisikia. Pua huizoea harufu inayokaa nayo muda mrefu ikaacha kuiripoti, hasa vanila na miski, na aliye kiti cha jirani huenda anaisikia barabara. Ndani ya basi lililojaa, mipulizo 2 ya 20% inatosha: mmoja kifuani chini ya nguo, mmoja nyuma ya shingo. Kila mpulizo ni kama mililita 0.1. Ngozi kavu hula harufu, kwa hiyo paka kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje ya harage kila sehemu. Usisugue mahali ulipopuliza, kwa sababu joto la msuguano linafukuza harufu ya mwanzo. Beba chupa ya mililita 5 kwa ajili ya jioni.

Nitajuaje mafuta ya kupima ya Kariakoo hayajachanganywa na mafuta ya kupikia? (Mama wa Buguruni)

Tia matone 3 kwenye kijiko cha alkoholi ya 96%. Mafuta ya mimea hayachanganyiki nayo vizuri: utaona ukungu, kisha vitone vinazama chini. Tena tia tone moja kwenye karatasi nyeupe, irudie kesho. Alama hafifu ni ya kawaida, hasa kwa udi na miski. Duara kubwa la mafuta linalopitisha mwanga kama karatasi ya maandazi ni mafuta ya kupikia.

Nilijipaka manukato niliyotengeneza kwa ndimu na mdalasini, nikaenda ufukweni. Ngozi imetoka mabaka meusi. (Msomaji wa Mbezi Beach)

Pole sana. Acha kuyatumia, funika sehemu hizo zisipigwe jua, na muone daktari wa ngozi. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kutoka kwenye ganda yana furokumarini, ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha weusi unaoweza kudumu miezi. IFRA, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya usalama wa manukato, kimeweka kikomo cha 0.7% kwenye manukato yaliyokamilika ya kubaki juu ya ngozi, na bergamoti ya kukamua 0.4%. Kwenye jua la Dar tunashauri usiende hata karibu na hapo. Nunua ndimu iliyotolewa kwa mvuke, ambayo haina tatizo hilo, na bergamoti iliyoondolewa furokumarini.

Mdalasini ni kesi nyingine. Mafuta ya gome lake yana sinamaldehidi, inayoweza kuamsha mzio wa ngozi unaobaki maishani. Tone 1 katika gramu 50 za manukato linatosha, na kwa wengi ni bora kuliacha kabisa. Karafuu ina yujenoli nyingi, nayo ipimwe kwa mizani. Mchanganyiko wowote mpya, paka kidogo ndani ya kiwiko, usioshe, usubiri saa 48 kabla ya kuwagawia watu.

Nikitaka kuyauza? (Maswali ya wengi)

Manukato yanahesabiwa kuwa kipodozi, kwa hiyo yanapita TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Jina la biashara na alama yake husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kwenye lebo andika viambato, ujazo, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na onyo la moto. Weka daftari la kila toleo lenye uzito wa kila kitu hadi gramu 0.01 na jina la uliyemnunulia, ili mteja akirudi na ngozi iliyowasha ujue ni kitu gani cha kukitafuta.